Kati ya Kufichwa na Kuabudiwa: Riwaya ya Ororo na Mabinti Zetu



Leo tumeweka pembeni singo, hina na mishono ya madira. Tuna ugomvi na kitabu, na tunaomba mtusome mpaka mwisho kabla hamjaamua mko upande gani.

Kitabu chenyewe kinaitwa Storm: Dawn of a Goddess. Kimeandikwa na Tiffany D. Jackson, mwandishi Mmarekani mweusi, na kilitoka mwaka 2024 kwa ajili ya wasomaji vijana. Kinasimulia upya asili ya Ororo Munroe, yule mwanamke mwenye nywele nyeupe anayeamuru mvua, upepo na radi, ambaye wengi mmemwona kwenye filamu za X-Men akiigizwa na Halle Berry tangu mwaka 2000. Jina la kitabu kwa Kiswahili tungesema Dhoruba: Mapambazuko ya Mungu wa Kike. Binti anayesoma Kiingereza hahitaji ruhusa ya mama wala shangazi kukipata. Simu yake inatosha.

Hatusemi kichomwe. Hatusemi pia kishangiliwe eti kwa sababu kina msichana wa Kiafrika kwenye jalada. Ugomvi wetu ni mmoja: hadithi hii inampa msichana mahali pawili tu pa kukaa. Ama ajifiche, ama aabudiwe. Katikati hapana kitu, na hapo katikati ndipo tunapoishi wanawake.

Kwa asiyeijua hadithi, tuieleze kwa ufupi. X-Men ni kundi la mashujaa wa vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel. Lilianza mwaka 1963 kwa mikono ya Stan Lee na Jack Kirby: wanafunzi watano, wavulana wanne na msichana mmoja, wote wamezaliwa na nguvu zisizo za kawaida, chini ya mwalimu wao Profesa Xavier. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walilifufua kundi hilo kwa kuingiza watu saba wa mataifa mbalimbali. Yumo Mjerumani, yumo Mrusi, yumo Mjapani, na yumo Ororo aliyechukuliwa kutoka Kenya. Kati ya wapya hao saba, mwanamke ni yeye peke yake.

Baadaye Chris Claremont akamjazia maisha. Baba ni mpiga picha Mmarekani mweusi, mama ni N'Dare, binti wa kifalme kutoka Kenya. Familia ikahamia Cairo. Ndege ikaiangukia nyumba yao, wazazi wakafa, mtoto akabaki chini ya kifusi, na tangu siku hiyo anaogopa kila mahali finyu. Akalelewa na wezi wa mitaani, kisha akashika njia kuelekea Kenya. Hii ndiyo asili ambayo riwaya imeirudia.

Basi tusiambiwe haituhusu. Mama wanasema ni wa Kenya, utoto ni wa Cairo, na hata jina linagonga masikio yetu. Wenye hadithi wanasema Ororo maana yake ni uzuri. Sisi neno -ororo tunalijua tangu utotoni: ndilo somo analomsifia mwari aliyetoka kusingwa, kwamba ngozi imekuwa nyororo. Hatudai kuwa walilichukua kwetu. Tunachosema ni kwamba binti wa Unguja, Pemba au Mombasa akilisoma jina hilo atahisi anaitwa. Na anayeitwa ana haki ya kuuliza anaitiwa nini.

Tuanzie kichwani. Katika riwaya hii Ororo ni mwizi wa mitaani Cairo. Nywele zake nyeupe amezifunika kwa kitambaa na macho yake ya buluu ameyainamisha, ili asitambulike. Kitambaa ni zana ya kazi, kama nguo nyeusi ya mwizi wa usiku. Nguvu zake ziko chini yake, zimebanwa, na mwendo wote wa hadithi ni kutoka mafichoni kwenda hadharani.

Kama mbinu ya kusimulia, tunaielewa. Mtoto mwenye nywele nyeupe angetambulika kwa hatua mbili tu. Lakini Cairo pamoja na vitongoji vyake ni mji wa watu zaidi ya milioni 20, na humo kila asubuhi wanawake wasio na idadi wanajitanda na kutoka: huyu anakwenda kupasua wagonjwa, huyu kufundisha hesabu, huyu kuuza mboga, huyu kusimama mbele ya hakimu. Hawamkimbii mtu. Ushungi kwa anayeuvaa kwa imani ni namna ya kuonekana. Unamtambulisha kabla hajafungua mdomo.

Sisi watu wa pwani tulitakiwa kulijua hili kuliko wote, kwa sababu tuna kanga. Bibi zetu walivaa nguo inayositiri na kusema kwa wakati mmoja. Mke mwenza alijibiwa kwa kanga, jirani mmbea alijibiwa kwa kanga, mume mtembezi naye alisoma chake mgongoni mwa mkewe anapoinama kuchochea moto. Nguo ilimfunika mwili, haikumfunika kauli. Msichana aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, kisha akasoma hadithi moja baada ya nyingine ambamo kitambaa ni maficho na ushujaa huanza siku kinapovuliwa, hahitaji mtu wa kumfafanulia. Ameshaelewa anachoambiwa.

Wala si mara ya kwanza kundi hili kutufanyia hivi. Mwaka 2002 lilimpata Sooraya Qadir, msichana wa Kiafghanistani anayevaa nikabu. Nguvu yake ni ipi? Anageuka vumbi. Yaani walimtafuta Muislamu aliyejisitiri, wakampata, na kipaji walichomwona nacho ni kutoweka.

Tuje kwenye majina. Katika vitabu vya katuni, mkuu wa wezi aliyemfundisha Ororo kuiba anaitwa Achmed el-Gibar. Adui aliyejitokeza Cairo mwaka 1979, mwizi wa roho za watu anayeitwa Mfalme wa Kivuli, alipewa jina la Amahl Farouk. Riwaya nayo imemleta Mfalme wa Kivuli kumwinda msichana. Hebu hesabuni wenyewe: katika mji wa misikiti elfu, wanaume waliopewa majina kama ya baba zetu na kaka zetu ni mmoja wa kuiba mali na mmoja wa kuiba roho. Mwalimu wa Kurani hayupo kwenye kumbukumbu. Mama muuza mkate aliyempa yatima kipande hakupewa jina.

Na Cairo hiyo hiyo haikukosa mwanamke wa kusimuliwa. Mwaka 1250 Misri ilitawaliwa na Shajar al-Durr, mwanamke aliyeanza maisha akiwa mtumwa. Mumewe Sultani alifariki jeshi la Louis wa 9 wa Ufaransa likiwa limeshaingia nchini, naye akakificha kifo hicho ili askari wasivunjike moyo. Vita vikashindwa, mfalme wa Wafaransa akatekwa, na sarafu zikapigwa kwa jina la mwanamke. Hakuwa malaika, utawala wake ulikuwa mfupi na mwisho wake ulikuwa wa damu. Lakini kaburi lake liko Cairo mpaka leo, na hakuhitaji macho ya buluu wala radi. Alificha siri ya dola, hakujificha yeye.

Sasa uungu. Hapa tunajua wengine mmeshashika tasbihi. Katika hadithi ya mwaka 1975, Ororo anaishi nyikani Kenya na watu wanamwabudu kwa sababu anawaletea mvua. Profesa Xavier anatoka Marekani na kumweleza kuwa yeye si mungu, ni binadamu mwenye kipaji, na kipaji kina wajibu. Maneno ya kweli hayo. Kinachokera ni kwamba bara zima halikuwa na mzee mmoja wa kumwambia binti huyo jambo jepesi namna hiyo, mpaka apande ndege mzungu kuja kutufundisha tauhidi.

Na waliodhani Waafrika hawaoni tofauti kati ya ujuzi na uungu wangeuliza. Magharibi ya Kenya, kwa Wanyore, uko ukoo wa Nganyi unaojulikana kwa elimu ya mvua. Wazee wake husoma miti, wadudu na upepo, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imewahi kukaa nao kulinganisha utabiri. Ni wazee wanaoheshimiwa kwa wanachokijua. Sisi wa pwani nasi, mvua ya masika ikichelewa, tunatoka uwanjani kuswali na kuomba. Hakuna anayemtazama msichana.

Mwaka 2024, karibu miaka 50 baadaye, riwaya imeandikwa na mwanamke mweusi, na hilo tunalipongeza kwa dhati, maana Ororo amekuwa mikononi mwa wanaume kwa muda mrefu mno. Lakini neno lililochaguliwa kwa jalada ni lile lile la uungu. Tunaelewa kinachokusudiwa: msichana mweusi aliyedharauliwa aambiwe yeye ni mkubwa. Dawa si hiyo. Anayeabudiwa haulizwi hali. Hakosei, hachoki, haumwi, halii. Anapewa sadaka badala ya msaada. Siku mvua isiponyesha, waliopiga magoti jana ndio watakaookota mawe. Imani yetu imemkataza mwanadamu kuabudiwa, na katika katazo hilo mna huruma kubwa kwa mwanadamu mwenyewe: amepumzishwa mzigo asiouweza.

Sasa ninyi mabibi harusi watarajiwa, jongeeni karibu, maana sehemu hii ni yenu. Binti akiipenda riwaya atatafuta hadithi iliyobaki, na ndani yake kuna harusi. Mwaka 2006 Ororo aliolewa na T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni. Ilikuwa harusi ya kifahari, gauni la kifahari, wageni mashujaa watupu, na bibi harusi akawa malkia. Mwaka 2012 makundi yao yakagombana, mume kundi hili, mke kundi lile. Mfalme akamjulisha kuwa ndoa imeshabatilishwa na kuhani mkuu wa nchi. Na kuhani mkuu ni nani? Ni mfalme huyo huyo. Mwanamke anayeamuru radi hakuulizwa kitu. Alikuwa na taji, hakuwa na kauli.

Mkicheka, cheki na vioo vyenu. Hapa kisiwani tunamweka mwari ndani, jua lisimguse, mtu asimwone, anasingwa, anafukizwa udi. Ni mila nzuri, tunaipenda na tutaitetea. Siku ya siku anatolewa, anapandishwa jukwaani, kiti kama cha Sultani, taa zote zake, simu mia moja zinampiga picha, na kila mdomo unasema malkia. Wiki mbili kafichwa, usiku mmoja kaabudiwa. Tunauliza tu: kati ya chumba na jukwaa, kuna siku aliyokaa na watu wazima akaulizwa anataka nini? Mahari ameitaja mwenyewe au ametajiwa? Anajua atakaa wapi? Ataendelea na chuo? Mume akisafiri kutafuta maisha, masurufu yatapita mkononi mwa nani? Anajua kuwa mambo yakiharibika mlango wa Kadhi uko wazi kwake pia, na kwamba khului na faskhi si maneno ya wanaume peke yao?

Ndoa yetu ni mkataba. Ina walii, ina mashahidi, ina mahari yake yeye, si ya mjomba. Ndani ya mkataba mtu hafichwi wala haabudiwi. Anatajwa kwa jina lake na jina la baba yake, na anaulizwa. Hapo ndipo ile nafasi ya katikati tunayoitafuta, na dini imetupa bure. Ole wake anayeiuza kwa taa za ukumbini.

Tunajua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema: ni hadithi tu, mnajichosha. Shoga, hadithi tu haipo. Bibi aliyetusimulia sungura na fisi hakuwa anatufundisha tabia za wanyama. Kinachomjenga mtoto si kile anachoambiwa akae asikilize, ni kile anachokifuata kwa hiari yake usiku wa manane.

Wa pili atasema: kina shirki, pigeni marufuku. Tunaiheshimu ghera yake, lakini tunamuuliza atafunga simu ngapi. Kitabu kilichokatazwa husomwa chooni, peke yake, bila mtu wa kubishana nacho. Kitabu kilichosomwa na mama na binti kinakwisha makali. Ubaya wa neno mungu kwenye jalada unatibiwa na mazungumzo ya nusu saa wakati wa kuchambua mchele, si kwa kelele.

Wa tatu, na huyu ndiye hatari zaidi kwa sababu ana tabasamu, atasema: shukuruni angalau tumo. Hapana. Kutajwa si kuheshimiwa. Mgeni akikuandikia nyumba yako na kukuweka jikoni ukiwa mwizi, husemi asante eti kwa kuwa amelikumbuka jiko. Tena tuna ushahidi kuwa inawezekana kufanya vizuri zaidi ndani ya kampuni ile ile. Mwaka 2014 ulianza mfululizo wa Kamala Khan, msichana Muislamu wa Jersey City mwenye asili ya Pakistani, uliobuniwa na mhariri Sana Amanat na mwandishi G. Willow Wilson, wote Waislamu, pamoja na mchoraji Adrian Alphona. Mwaka 2015 kitabu chake cha kwanza kikapata tuzo ya Hugo. Rafiki yake Nakia anavaa hijabu, na katika toleo la kwanza kabisa anapoulizwa kama baba amemlazimisha, anajibu kuwa baba yake ndiye anayetaka aivue. Mistari miwili tu, na mlango mzima umefunguka. Kwa nini? Kwa sababu waliokuwa mezani walikuwa wanajua nyumba inavyonuka udi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Na hoja kubwa dhidi ya riwaya hii haitoki hata kwetu. Imo ndani ya maisha ya Ororo mwenyewe. Katika vitabu vya miaka ya 1980 alinyang'anywa nguvu zake zote. Mvua hakuna, radi hakuna, upepo haumsikii. Katika toleo la mwaka 1986, akiwa katika hali hiyo, alipambana na Cyclops, mkuu wa zamani wa kundi, kugombea uongozi. Mwenzake ana macho yanayotoa moto, yeye ana akili na miguu miwili. Akamshinda, akaongoza. Hakuna aliyempigia magoti na hakuwa amejificha popote. Alisimama mbele ya wenzake akasema naweza, na akaonyesha kuwa anaweza. Huyo ndiye Ororo tunayemtaka kwa mabinti zetu, na cha ajabu ni kwamba hadithi ya asili yake hurudiwa kila mara kwa watoto, lakini siku hii kubwa huachwa.

Tunataka nini basi? Vitu vitatu, na vyote viko mikononi mwetu.

Kina mama na kina shangazi, someni na mabinti. Msisubiri kukuta kitabu chini ya mto. Muulizeni: kwa nini kitambaa ni cha mwizi? Kwa nini mbaya anaitwa Farouk? Wewe ungemwambia nini Ororo siku ile watu walipompigia magoti? Mtashangaa majibu.

Mabibi harusi, katika siku zenu za ndani ombeni siku moja ya mazungumzo. Somo afundishe mambo yake, halafu aje mtu anayejua sheria na fedha akae nanyi mkao wa saa moja. Singo itawapa ngozi nyororo, na mazungumzo hayo yatawapa mgongo mgumu. Mnahitaji vyote viwili.

Na ninyi wenye kalamu, andikeni. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akakamatwa, akapelekwa mbali na kwao, akatoroka akarudi. Siti binti Saad alitoka kijiji cha Fumba, akajitanda buibui lake, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Sauti yake ilifika majumbani ambamo yeye hakuwahi kutia mguu. Hao hawakuwa miungu wala hawakuwa vivuli. Walikuwa wanawake waliotajwa kwa majina yao. Tukiacha kuwaandika kwa ajili ya vijana, tusilalamike mwingine akituandikia msichana mwenye macho ya buluu na kutuambia ndiye sisi.

Allah awahifadhi mabinti zetu, awape elimu yenye manufaa na ndoa zenye kauli. Amin.